Grini kadi inakurudisha, haikupeleki

Chukua ukoo mmoja unaokubaliana kupanda meli ya utalii kutoka Miami kusherehekea miaka sabini ya bibi. Bibi ana pasipoti ya Tanzania na grini kadi aliyoombewa na mwanawe. Mwana huyo ameshakuwa raia wa Marekani. Mkewe ni Mkenya mwenye pasipoti mbili. Wajukuu wamezaliwa Ohio na hawajawahi kuwa na pasipoti yoyote. Shemeji aliingia Marekani kama mkimbizi kutoka Kivu Kusini kupitia kambi ya Nyarugusu. Ana grini kadi, lakini hana pasipoti ya nchi yoyote duniani. Na yupo mpwa ambaye ombi lake la grini kadi bado halijajibiwa. Tiketi zimekatwa pamoja na meli ni moja. Kisheria, hizo ni safari sita tofauti, na moja kati yake haifai kufanyika kabisa.

Koo za namna hii zipo tele Minneapolis, Dallas, Columbus na kwingineko walikojikusanya watu wetu, na meli za utalii zimekuwa njia yao ya kukutana kwa sababu bei inajulikana mapema na wazee hawahangaiki na kubadilisha ndege. Ndiyo maana inaniuma kuona familia ikirudishwa kwenye dawati la abiria bandarini, mabegi yameshapakiwa na pesa hazirudi, kwa jambo ambalo lingeulizwa miezi mitano nyuma kwa simu moja.

Kosa lenyewe huanzia kwenye kanuni iliyotungwa kwa ajili ya raia. Tangu tarehe 1 Juni 2009, Marekani inawataka hata raia wake wanaorudi kwa bahari au nchi kavu kutoka Kanada, Meksiko, Bermuda na visiwa vya Karibiani waonyeshe pasipoti au hati inayolingana nayo. Ikaachwa nafuu moja: raia aliye kwenye meli inayoanza na kumaliza safari katika bandari ileile ya Marekani anaweza kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali. Wajukuu wa Ohio wanaingia humo. Baba yao naye anaingia kwa cheti chake cha uraia. Matangazo ya meli huiimba nafuu hii, mawakala huirudia, na ikifika kwa bibi imeshageuka kuwa "hii safari haihitaji pasipoti."

Bibi akiuliza zaidi, ataambiwa jambo la pili ambalo nalo ni kweli: idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani, CBP, haimdai mkazi wa kudumu pasipoti anaporudi. Inamdai grini kadi iliyo hai. Basi anaweka grini kadi kwenye mkoba, anaiacha pasipoti ya Tanzania kabatini, na anaona kajiandaa.

Lakini afisa wa CBP anamsubiri mwisho wa safari. Kabla yake wapo watu wengine wawili wa kujibiwa: kampuni ya meli, na kila nchi ambayo meli itatia nanga. Grini kadi ni ahadi ya serikali moja kwamba itakupokea tena. Haisemi wewe ni raia wa nani, na serikali nyingine zinataka kulijua hilo kwanza, kwa sababu mgeni akikwama kwao lazima pawepo nchi inayowajibika kumpokea. Swali hilo hujibiwa na pasipoti.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini meli isibaki tu Marekani. Jibu liko kwenye sheria ya mwaka 1886 inayosimamia vyombo vya kubeba abiria. Inakataza meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kupitia nje ya nchi, na meli kubwa za utalii karibu zote zina bendera za kigeni, za Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Kwa hiyo meli inayokwenda Alaska kutoka Seattle hutia nanga Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za usiku. Abiria wengi huhesabu kituo hicho kama nyongeza ndogo ya mwisho wa safari, ilhali bila hicho safari nzima ingekuwa haramu. Kanada ilipozifungia meli bandari zake wakati wa korona, Bunge la Marekani lilibidi lipitishe sheria maalumu Mei 2021 ili msimu wa Alaska usife.

Kanada hiyohiyo ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kabla ya Aprili 2022 mkazi wa kudumu wa Marekani aliyefika huko kwa bahari au nchi kavu aliweza kupita kwa grini kadi. Tangu tarehe 26 Aprili 2022, kwa njia yoyote ya usafiri, anatakiwa awe na vitu viwili kwa pamoja: pasipoti iliyo hai ya nchi yake ya uraia, au hati inayolingana nayo na inayokubalika, na uthibitisho wa ukazi wake wa Marekani. Akiwa na vyote viwili haombi viza, na hata kile kibali cha kielektroniki cha wasafiri wa ndege hakimhusu. Hiyo ni heshima kubwa: Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya Kanada akiwa nyumbani anaijua foleni yake. Lakini pasipoti ikikosekana, heshima yote inaondoka. Ushauri mwingi unaozunguka katika makundi ya WhatsApp kuhusu safari za Alaska ni wa kabla ya mabadiliko hayo, umetolewa na watu waliosafiri salama mwaka 2018 na kusema kweli kuhusu mwaka 2018.

Meksiko nayo ni mkarimu kwa wenye grini kadi. Mkazi wa kudumu wa Marekani haombi viza ya Meksiko kwa ziara isiyozidi siku 180, awe wa uraia gani, mradi aje na pasipoti iliyo hai pamoja na kadi yake. Kwa wanaotoka Galveston kwenda Cozumel hilo linatosha. Nchi nyingi za Karibiani zina utaratibu unaofanana na huo, kila moja na masharti yake juu ya muda uliobaki kwenye pasipoti na siku za kukaa. Tahadhari ni kuhusu vile vinavyoitwa visiwa binafsi vya kampuni za meli. Abiria huviona kama sehemu ya meli, kwa kuwa chakula ni kilekile na wahudumu ni walewale. CocoCay iko Bahamas. Labadee iko Haiti. Kuna mwenye ardhi, kuna sheria yake, na jina la nchi hiyo limo kwenye ratiba hata kama tangazo halilitaji.

Baada ya nchi inakuja kampuni ya meli, na hapa ndipo wengi hukwama. Sheria ya uhamiaji ya Marekani humtoza faini msafirishaji anayemleta mgeni asiye na hati sahihi, na nchi nyingine zina sheria kama hizo. Mfanyakazi wa bandarini anayekagua hati za bibi anafanya kazi ya ulinzi wa mpaka bila kuwa afisa wa mpaka. Hana mamlaka ya kutumia busara. Analinganisha hati na orodha aliyopewa, ambayo mara nyingi ni kali kuliko sheria yenyewe, na akiona shaka, kukukatalia kunamgharimu kidogo kuliko kukuruhusu. Mkataba uliomo ndani ya tiketi unasema hati ni jukumu la abiria na kwamba asiyekuwa nazo anaachwa bila kurudishiwa pesa. Nimesikia watu wakimsomea mfanyakazi huyo ukurasa wa tovuti ya serikali kutoka kwenye simu. Wanaweza kuwa na haki kabisa, na meli ikaondoka bila wao.

Ndiyo sababu nashauri swali liulizwe kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na lisiwe la jumla. Usiulize "Je, mwenye grini kadi anahitaji pasipoti?" Andika: mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kudumu wa Marekani, nataka safari ya tarehe fulani inayopita bandari hizi na hizi, nahitaji hati gani kwa kila bandari? Jibu lihifadhi na lichape. Hakikisha pia kwamba linahusu ratiba nzima, hata bandari ambazo huna nia ya kushuka. Wapo wanaosema, "Nitabaki melini siku ile." Kampuni nyingi hazikubali hoja hiyo, kwa sababu nchi inayopokea meli inapokea orodha ya abiria wote, na kwa sababu mtu aliyebaki melini asubuhi anaweza kuhitaji hospitali ya nchi kavu jioni.

Tena bandari hubadilika. Kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga katika Atlantiki, na nahodha akiambiwa Cozumel haingiliki anaweza kugeukia Jamaika au visiwa vya Cayman. Aliyejiandaa kwa bandari moja tu hana la kusema hapo. Na anayechelewa kurudi melini Nassau atalazimika kurudi kwa ndege, ambako nafuu ya cheti cha kuzaliwa haipo hata kwa raia. Wajukuu wa Ohio wangekwama hadi wapate pasipoti ya dharura ubalozini, huku bibi yao mwenye pasipoti na grini kadi akipanda ndege bila maswali mengi. Kwa sababu hiyo nawasihi wazazi wawachukulie watoto pasipoti hata pale sheria inapowasamehe.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Wapo wakazi wengi ambao kadi iliyo mfukoni imeshaisha muda wake, na ukazi wao haujaisha hata kidogo. Aliyeomba kadi mpya kwa fomu I-90 hupewa barua ya kupokelewa kwa ombi, ambayo tangu Septemba 2024 inaongeza uhai wa kadi ya zamani kwa miezi 36. Mwenye kadi ya masharti ya miaka miwili, kama wengi walioolewa au waliooa raia, akiomba kuondolewa masharti hupata nyongeza ya miezi 48 tangu mwanzoni mwa 2023. Aliyeomba uraia hupata miezi 24 tangu Desemba 2022. Barua hizo zikiambatana na kadi iliyokwisha ni uthibitisho halali, na CBP huzitambua.

Tatizo ni kwamba afisa wa CBP yuko mwisho wa safari, kama nilivyosema. Mfanyakazi wa bandarini Kanada au Karibiani anaiona kadi yenye tarehe iliyopita pamoja na karatasi asiyowahi kuiona. Kwa safari ya meli yenye vituo vingi, mimi simshauri mtu aitegemee barua peke yake. Ofisi za idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, hugonga ndani ya pasipoti muhuri unaothibitisha ukazi wa kudumu, ambao watumishi wa mipaka wanaufahamu zaidi kuliko barua. Miadi huombwa mapema kwa simu, nao watataka kujua sababu. Na utaona kwamba hata hapo pasipoti ina kazi yake.

Tumfikie shemeji. Kwa miaka kadhaa kabla ya mpango wa wakimbizi kusimamishwa Januari 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote waliopokelewa Marekani, na sehemu kubwa yao wanazungumza Kiswahili. Baada ya mwaka mmoja walitakiwa kuomba ukazi wa kudumu, na wengi wakaupata. Hawa ndio wanaoumizwa zaidi na dhana kwamba mwenye grini kadi ana pasipoti nyumbani. Wengine walitoka kijijini usiku bila karatasi yoyote. Wengine wamezaliwa kambini Tanzania au Burundi na hawajawahi kuikanyaga ardhi ambayo karatasi zinasema ni kwao.

Kwa ajili yao ipo hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotokana na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Itifaki yake ya 1967. Huombwa kwa fomu I-131, na aliyepata ukazi kwa njia ya ukimbizi anaendelea kuwa na haki nayo hata baada ya kupokea grini kadi. Ina uhai wa mwaka mmoja tu, na inapasa kuombwa mtu akiwa bado ndani ya Marekani. Fomu hiyohiyo ndiyo inayotumika kuomba kibali cha kuingia tena, chenye uhai wa hadi miaka miwili, ambacho kimekusudiwa kwa mkazi atakayekuwa nje mwaka au zaidi, lakini nchi kadhaa hukikubali mahali pa pasipoti kwa mtu asiyeweza kuipata. Neno muhimu ni kadhaa. Nafuu ya viza niliyoitaja kwa Meksiko na Kanada imeandikwa ikimfikiria mwenye pasipoti ya taifa. Mwenye hati ya mkimbizi lazima aulizie ubalozi wa kila nchi iliyo kwenye ratiba, kisha aiulize kampuni ya meli. Na kwa kuwa kushughulikiwa kwa fomu I-131 huweza kuchukua miezi mingi, hati yenye uhai wa mwaka mmoja inaombwa mapema sana, nayo ikifika inaanza kuisha palepale.

Wapo wanaomshauri mkimbizi aende akachukue tu pasipoti ya Kongo ubalozini. Nawaomba waache kutoa ushauri huo kirahisi. Mtu aliyesema anaikimbia serikali fulani, kisha akajiweka chini ya ulinzi wa pasipoti yake, anaweza kuulizwa maswali juu ya madai yake ya awali. Kwa mwenye ukazi wa muda mrefu huenda isilete shida yoyote. Lakini jibu hilo atoe wakili wa uhamiaji aliyelisoma faili lake.

Shemeji anayo njia nyingine ambayo mawakala hawaitaji. Ile sheria ya 1886 inazibana meli za bendera ya kigeni tu. Meli yenye bendera ya Marekani iko huru kuzunguka bandari za nyumbani, na ipo moja kubwa, Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii kutoka Honolulu bila kugusa nchi nyingine. Zipo pia meli ndogo za mto Mississippi. Humo mkazi wa kudumu hatoki Marekani kabisa. Anabeba grini kadi yake, ambayo mwenye miaka 18 na zaidi anapaswa kutembea nayo wakati wote kwa mujibu wa sheria, na kitambulisho kinachotakiwa na kampuni. Bei ni kubwa kuliko ya Karibiani. Lakini kwa ukoo ambao mmoja wao hana pasipoti na hatarajii kuipata karibuni, naona ni bei ya kuzungumzwa mezani kabla ya kumwacha mtu nyumbani.

Kuna anayeuliza kwa nini bibi asichukue uraia tu, mambo yakaisha. Kwa Mkenya swali hilo ni jepesi tangu Katiba ya 2010 iliporuhusu uraia wa nchi mbili. Mke katika ukoo wetu anatumia pasipoti ya Marekani kutoka na kuingia Marekani, na ya Kenya akienda Kisumu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na Katiba ya Kongo inasema uraia wa nchi hiyo hauchangamani na mwingine. Bibi aliyezaliwa Moshi, mwenye shamba na makaburi ya wazazi huko, anapokataa uraia wa tajinisi anafanya uamuzi mzito wenye sababu zake. Matokeo ya uamuzi huo ni kwamba pasipoti ya Tanzania ni lazima iwe hai daima. Mpya hutolewa baada ya alama za vidole kuchukuliwa, jambo linalomaanisha safari ya Washington au kusubiri maofisa wa ubalozi watakapotembelea mji wa karibu. Kampuni na nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Kwa hiyo pasipoti inayoisha Novemba, kwa safari ya Julai, ihesabiwe kuwa imeshakwisha.

Ulaya ni habari nyingine, na wengi huingia mtegoni kwa sababu Karibiani ilikwenda vizuri. Grini kadi haiondoi viza ya Schengen kwa Mtanzania, Mkenya, Mkongomani wala Mrundi. Anaiomba akiwa Marekani, kwenye ubalozi mdogo unaohudumia jimbo lake, si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifike yuro 30,000. Ombi linapelekwa kwa nchi atakakokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, kwa nchi atakayoingia kwanza. Kwenye meli inayolala bandari mpya kila siku, mara nyingi ni hiyo ya kwanza.

Lakini linalowaangusha watu ni idadi ya maingilio. Meli inatoka Barcelona, inapita Marseille, Civitavecchia na Piraeus, inavuka kwenda Kuşadası, kisha inarudi Mykonos. Kuşadası iko Uturuki. Abiria ametoka Schengen na kuingia tena bila kubadilisha kitanda, na mwenye viza ya ingilio moja ameimaliza Barcelona. Anahitaji ya maingilio mengi, na barua yake ya maombi iseme hivyo waziwazi, ratiba ya bandari ikiwa imeambatishwa. Mipaka yenyewe nayo husogea: Dubrovnik ilikuwa nje ya Schengen hadi Kroatia ilipoingia tarehe 1 Januari 2023, ilhali Kotor iliyo jirani, huko Montenegro, bado iko nje. Meli inayoanzia Southampton na kwenda kwenye fiodi za Norwei inadai viza ya Uingereza na ya Schengen kwa pamoja. Na kwa wanaodhani Martinique na Guadeloupe, kwa kuwa ni Ufaransa, zinaingilika kwa viza ya Schengen: visiwa hivyo haviko ndani ya eneo la Schengen.

Nimeliacha hadi hapa jambo ambalo halionekani kwenye karatasi yoyote ya kampuni ya meli. Kutoka nje ya Marekani, hata kwa saa tatu, ni kutoka. Mwaka 1956 Mswisi mmoja aliyekuwa mkazi wa kudumu, aitwaye Fleuti, alikwenda Ensenada, Meksiko, kwa saa chache. Serikali ikadai kurudi kwake kulikuwa kuingia upya, na ikataka kumfukuza kwa sababu isiyoweza kutumika dhidi yake alipoingia mara ya kwanza mwaka 1952. Mahakama Kuu ya Marekani ilimlinda mwaka 1963, ikisema matembezi mafupi yasiyo na nia mbaya hayapaswi kuhesabiwa hivyo. Kinga hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Sheria ya 1996 ikaandika upya kanuni: mkazi anayerudi hahesabiwi kama anayeomba kuingia, isipokuwa katika hali chache, kama vile kukaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, kuutelekeza ukazi wake, au kuwa ametenda makosa fulani ya jinai. Mwaka 2012, katika kesi ya Mgiriki aitwaye Vartelas, aliyekiri kosa mwaka 1994 na kuzuiwa New York mwaka 2003 akitoka kuwasalimia wazazi kwa wiki moja, Mahakama Kuu iliamua kwamba kanuni hiyo mpya haiwafuati waliotiwa hatiani kabla haijatungwa. Waliotiwa hatiani baadaye hawana kinga hiyo.

Ensenada ileile leo ni kituo cha kawaida cha meli za siku tatu au nne kutoka Long Beach. Mkazi mwenye kesi ya wizi dukani ya mwaka 2009, aliyelipa faini na kuisahau, amekaa salama kwa sababu hakuvuka mpaka. Akirudi kutoka Ensenada, kompyuta ya CBP inamwonyesha afisa rekodi hiyo, na swali halihusu tena pasipoti. Vivyo hivyo bangi: majimbo mengi yameihalalisha, lakini kwa sheria ya nchi nzima bado ni haramu, na mkazi akikiri mbele ya afisa wa mpaka kwamba huitumia, anaweza kujiponza kwa maneno yake mwenyewe. Mwenye rekodi yoyote, hata kama wakili wa kesi ile alimwambia imefutwa, amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Saa moja ya wakili ni nafuu kuliko miaka ya mahakama ya uhamiaji.

Na mpwa? Mpwa asiende. Aliyeomba grini kadi akiwa ndani ya Marekani na bado anasubiri, akitoka bila kibali cha awali cha kusafiri, kwa kawaida ombi lake huhesabika limeachwa. Nassau iko mbali na Miami kwa usiku mmoja wa bahari, lakini kwa faili lake ni nje ya nchi sawa na Nairobi. Watu wamepoteza miaka ya kusubiri kwa safari ya siku tatu waliyodhani ni ya ndani kwa sababu meli ilitoka na kurudi bandari ileile.

Grini kadi ikiibwa au kupotea ukiwa bandari ya nje, usiruhusu mtu akuambie umepoteza ukazi, wala usitie saini fomu I-407, ambayo ni ya kuuachia ukazi kwa hiari. Nenda ubalozi wa Marekani uombe, kwa fomu I-131A, hati ya kumruhusu msafirishaji akubebe hadi nyumbani. Ina ada, na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo meli itakuwa imeshaondoka na utarudi kwa ndege ukitumia pasipoti yako. Picha ya pande zote mbili za kadi, iliyohifadhiwa mahali usipohitaji simu yako mwenyewe kuifikia, hurahisisha sana kazi hiyo.

Ombi langu kwa wanaoandaa safari hizi, iwe vyama vya jumuiya, kwaya, makanisa, misikiti au binamu mwenye moyo wa kujitolea, ni hili. Kwenye ile orodha ya majina na malipo ongezeni safu nne: uraia, tarehe ya mwisho ya pasipoti, aina ya hati ya ukazi, na tarehe yake ya mwisho. Zijazwe kabla ya malipo ya awali. Safu ya rekodi ya mahakama msiiweke, kwa kuwa hiyo ni siri ya mtu. Mwambieni kila mmoja kwa faragha aende kuuliza mwenyewe, na mpeni muda wa kutosha kufanya hivyo bila kulazimika kueleza ni kwa nini jina lake limetoka kwenye orodha.